Bado Hawajamaliza Kuchimba

Enzi zile, wenzangu mliokulia Mchafukoge mtanielewa, mtoto akikataa chai alidhaniwa ana homa. Sasa fikirieni nyumba nzima isiyonywa chai! Ndiyo yetu hiyo. Baba, karani wa bandarini mwenyeji wa Songea, aliingia Umormoni nikiwa na miaka tisa, tukabatizwa siku moja, na wiki ileile majani ya chai yakahama kwetu. Tukabaki na maji ya tangawizi yanayounguza ulimi, na vitumbua vya Mama Zuhura, jirani wa chumba cha pili.

"Baba Neema," Mama Zuhura alikuwa akimtania, "dini gani inamnyima mtu chai? Sisi tunaofunga mwezi mzima, jua likizama tunakunywa!" Baba alicheka mpaka mabega yakatikisika, akajimiminia tangawizi.

Nakumbuka walipochimba mtaro wa bomba la maji mtaani. Lo, raha iliyoje! Tuliacha rede, tukaacha kombolela, tukashinda mtaroni na vijiko vya jikoni mpaka sare za shule zikawa rangi ya udongo. Watoto wa siku hizi wakigusa mchanga wanakimbilia kunawa. Wenzangu walitafuta sarafu. Mimi nilitafuta mabamba ya dhahabu, maana kanisani tulifundishwa kwamba kitabu chetu kilitoka kwenye mabamba yaliyofukiwa kilimani huko Marekani, yakisimulia watu wa kale na miji yao. Nikaambulia kigae cha sahani chenye ua la bluu. Baba alikiosha, akakigeuzageuza, akakiweka kabatini juu ya daftari lake.

Katika daftari hilo aliandika majina ya ndugu zetu waliokufa, hadi babu wa babu. Jina la kwanza lilikuwa la mama, aliyefariki nikiwa mchanga. Baba aliamini kwamba familia iliyofungwa pamoja katika imani, hata kifo hakiitenganishi. "Sote tutakutana, mama," aliniambia, kwa kuwa hivyo ndivyo alivyoniita. "Asikosekane hata mmoja."

Kigae kile ndicho kilichoniponza. Kilinipeleka chuo kikuu kusomea akiolojia, na huko nikasoma kwamba wachimbaji wa Marekani hawajapata mifupa ya farasi wala panga za chuma za zama zile, ilhali kitabu chetu kinasema watu wale wa kale walikuwa navyo. Ningeweza kunyamaza. Ujana nao! Jumapili moja, baba ameshafunga tai, nikamwambia siendi tena kanisani, nikamsomea sababu moja baada ya nyingine kama mwendesha mashtaka. Alisikiliza zote. Akalitazama daftari, akanitazama mimi.

"Bado hawajamaliza kuchimba, mama," akasema. Akatoka peke yake.

Hatukugombana hata siku moja. Ila kila Jumapili alinifutia viatu, akaviweka mlangoni, akasubiri kidogo, kisha akaenda. Alifanya hivyo mpaka mwaka aliofariki, nami sikuvivaa hata mara moja kumridhisha. Linaniuma hilo.

Msibani, Mama Zuhura, kazeeka sasa, alikataa katakata kuchemsha chai. "Leo ni tangawizi," aliwaambia waombolezaji. "Marehemu hakunywa chai." Hapo ndipo nilipoangua kilio.

Siku hizi palipokuwa na nyumba yetu pana ghorofa la maduka ya simu. Mtaa wa pili wanachimba msingi wa jingine. Kijiko cha katapila kinazoa kwa saa moja udongo ambao sisi tungeuchezea mwezi mzima, na vijana wanapita macho yakiwa kwenye simu, hawageuki hata kidogo. Nami nina yangu simuni: kila habari ya uchimbaji kule Marekani naisoma mpaka mwisho. Imani sina, nisiwadanganye. Lakini farasi yule bado namtafuta. Wakipata hata jino lake moja, basi labda baba alikuwa sahihi, labda yuko na mama mahali, na viatu vyangu viko mlangoni.

Juzi nilisimama pale kwenye msingi, nikiukodolea macho udongo, mpaka fundi mmoja akanisogelea.

"Shikamoo. Umedondosha kitu?"

"Marahaba. Hapana, naangalia tu mnavyochimba."

"Tumeshamaliza kuchimba, mama," akasema. "Kesho tunamwaga zege."