Wa Kwanza Kutoka Shambani

Kitongoji chetu cha Sawane hakina wazee. Jirani yangu Tatsuzo Ogihara ana miaka themanini na minne, na kila adhuhuri kipaza sauti cha manispaa kinapotangaza kwamba joto limezidi, wazee wasikae mashambani, yeye huinua kichwa kutoka kwenye mpunga na kusema, "Maskini wazee. Kazi wanayo."

Huyu ni mtu aliyewahi kuvunjwa mguu na trekta, na siku aliyofunguliwa plasta akapitia shambani kuangalia maji kabla ya kufika nyumbani. Ugonjwa anao mmoja tu, nao tunao sote: hawezi kuondoka shambani kabla ya jirani. Anayetangulia kwenda nyumbani ni mvivu, na uvivu wake tutaunywea chai mpaka theluji ianguke.

Binti yake aliyeko Tokyo alimnunulia koti lenye feni mbili mgongoni, za kupuliza hewa ndani. Tatsuzo alilivaa asimvunje moyo mwanawe, kisha akazizima feni, maana zinavuma, na Yasaku wa shamba la pili angesikia. Basi mzee mzima akawa analima juani mwezi wa nane, kajifunga nailoni mpaka shingoni. Bila koti angepata nafuu. Nilitamani kumzaba kofi.

Wiki hiyo tulikuwa tunafyeka matuta ya mpunga kabla ya Obon, sikukuu ya kuwapokea mababu, ili mababu wasije kututembelea wakakuta nyasi zimewafika magotini. Kinue, mkewe Tatsuzo, akamsogelea.

"Baba, twende nyumbani. Uso umekuiva."

"Yasaku bado yupo."

"Na Yasaku anakungoja wewe!"

"Basi angoje."

Kinue akaenda kumletea chai baridi, na wanaume wale wakaendelea kungojana. Tatsuzo akapiga magoti, kisha akalala kifudifudi kwenye nyasi. Yasaku alimwona yuko chini haamki, akadhani mwenzake kapata ari mpya ya kung'oa magugu, naye akaongeza kasi. Kinue aliporudi ndipo tuliposikia mayowe. Tukamvua lile koti na kummwagia maji ya mfereji mpaka gari la wagonjwa likafika.

Daktari alimwambia Kinue kwamba figo zimeponea chupuchupu, na kwamba mara ya pili hataletewa mgonjwa, ataletewa maiti. Tatsuzo alipofumbua macho aliuliza, "Yasaku aliondoka saa ngapi?"

Kesho yake tulimkuta Kinue shambani peke yake, anafyeka palipobaki. Tulimsifu, mke ndiye huyo. Jua lilipokolea akapanda juu ya tuta, akavua kofia, akainama mbele yetu sote kama anayeomba radhi.

"Jamani, nyumba ya Ogihara imeshindwa!" akapaza sauti. "Jua limetuweza. Sisi wavivu tunatangulia nyumbani, mtusamehe."

Aibu ilitushika kwa niaba yake. Kisha Yasaku akakohoa.

"Hivi kweli tumwache Kinue-san atembee peke yake?" akasema. "Akianguka njiani je?"

Akabeba mashine yake ya kufyekea, akamfuata. Nyuma yake wakatoka wote, mashujaa wetu, wanachechemea, wanafuta jasho, kila mmoja na sura ya mtu anayewasindikiza wengine. Mimi nilikuwa wa tatu. Kumbe siku zote tulikuwa tunangoja mtu wa kuaibika kwa niaba yetu.

Tangu siku hiyo joto likipanda Kinue huinama, nasi hutoka. Tatsuzo aliporuhusiwa kutoka hospitali akasikia jina la ukoo linavyotangazwa juu ya tuta, alimnunia mkewe Obon nzima, hata mbele ya mababu. Nilimuuliza Kinue kama haimuumi.

"Mwache anune," akasema, huku akimkatia kipande cha tikiti maji. "Aliyekufa hanuni."