Mwiko wa Mama

Mara ya tatu pombe ilipoharibika, jirani yangu Mkongo alikuja na kikombe chake, akanusa, akakiweka chini bila kuonja.

"Dada, iyi haiko pombe. Iko dawa ya kuogesha mbuzi."

Kisha akaona uso wangu, akaacha kucheka. "Mama yako hajakubali," alisema polepole. "Umuulize anataka nini."

Nilikuwa nimeshamuuliza mama mara nyingi.

Kwetu Burundi msiba hauishi siku ya kuzika. Unaisha siku ya kuganduka, watu wa nyumba wanapopika pombe ya mtama, wakawaita majirani, wakanywa pamoja, na walio hai wakaruhusiwa kuendelea na maisha. Kabla ya siku hiyo hakuna harusi katika nyumba ile. Na pombe hainunuliwi. Lazima itoke kwenye mikono ya wenye msiba. Mama alikuwa na mwaka wa pili kaburini, hapa hapa kwenye kambi ya wakimbizi ya Nakivale, na baba alikuwa amebaki ng'ambo ya mpaka tangu zamani, mahali tusipopajua. Mdogo wangu wa kiume alikuwa na mchumba upande wa Rugaaga. Wazazi wa binti, Warundi wenzetu, walisema neno moja tu: "Hatutoi mtoto kwenye nyumba ambayo bado ina maiti."

Mdogo wangu hakunilaumu. Aliacha tu kunitazama machoni.

Mimi ndiye mkubwa. Niliacha shule darasa la sita, kifua cha mama kilipoanza kumwangusha, nikashika jembe na sufuria. Pombe yake ilijulikana mpaka Base Camp, penye ofisi za kambi. Nilimtazama akiipika kwa miaka, nikadhani najua kila kitu: kuloweka mtama, kuufukia kwenye majani ya mgomba mpaka uote, kuuanika, kuusaga, kuupika, kuuacha uchachuke. Nilifanya yote hayo, nikikoroga kwa mwiko wake uleule. Siku ya tatu utando mweupe ulitanda juu ya pombe, harufu yake kama nguo mbichi iliyosahaulika. Na kila nilipofunua mtungi nikaona utando ule, nilimsikia mama nyuma ya nyumba akikohoa. Vikohozi viwili vifupi, kimoja kirefu, kama alivyokohoa alipoinamia moshi. Mdogo wetu wa mwisho, msichana, hakuwahi kusikia kitu. Nilimuuliza mara moja, nikaona anaogopa, sikumuuliza tena.

Habari za mafunzo nilizipata sokoni Rwekubo, kwa mwanamke aliyekuwa akinunua mahindi yangu. Kiwanda kidogo cha bia huko Mbarara kilikuwa kinafundisha watu wanaopika nyumbani, Jumamosi mbili. Nilikwenda. Kwenye mfuko nilibeba mwiko wa mama, umefungwa kwenye kitenge chake.

Tulikuwa watu wanane kwenye chumba chenye mapipa ya chuma yanayong'aa. Mwalimu alikuwa Mnyankole mfupi mwenye buti za mpira, akizungumza Kiswahili cha jeshini. Alitutembeza, akatupa kimea cha shayiri tutafune. Kilikuwa kitamu, na meno yangu yalikitambua kabla yangu. Kisha akamwaga maji ya moto juu ya kimea kilichosagwa, mvuke ukapanda, na ilikuwa harufu ya kanga za mama, ya shingo yake, ya asubuhi nilipokuwa mdogo nimelala mgongoni kwake. Nilishika ukuta.

"Nyabo, moto imekuzidi?" mwalimu aliuliza, akiniita bibi kwa lugha yake.

"Hapana. Niko sawa."

"Basi kuja koroga. Leo hakuna mgeni hapa."

Nikautoa mwiko kwenye kitenge. Mwalimu alinyanyua mkono.

"Hiyo haiingii kwa pombe yangu."

"Ni wa mama yangu. Yeye ndiye alikuwa mpishi."

Aliupokea kwa mikono miwili, akautazama. Upande mmoja ulikuwa umelika, kwa sababu mama alikoroga kwa mkono wa kushoto. Akanusa ufa uliopita katikati. "Unaiosha?"

"Hauoshwi. Mama alikuwa anaukwangua tu. Mkono wake umo humo."

Mzee mmoja katika darasa alicheka, mwalimu akamtazama mpaka akanyamaza. Kisha akachukua mitungi miwili ya kioo iliyochemshwa, akaijaza maji matamu ya kimea yaliyokwisha kupoa. Kwa ncha ya kisu kisafi alichokonoa ufa wa mwiko, akadondosha uchafu kidogo katika mtungi mmoja. Katika mwingine akatia hamira. Akafunika yote miwili.

"Jumamosi utaniambia wewe mwenyewe," alisema.

Siku ile nilikoroga kwa mwiko wa chuma, na mkono wangu wa kulia ukaujua mwendo bila kufundishwa.

Wiki nzima sikufungua kitenge. Jumamosi ya pili mwalimu aliniachia nifunue mitungi mwenyewe. Ule wa hamira ulinukia mkate. Nilipofunua wa pili nilikuta utando mweupe, na harufu ya nguo mbichi. Ilikuwa pombe yangu kabisa, ndani ya mtungi wa watu wengine, mjini, mchana, na bado nikageuka kutazama nani amekohoa.

"Mama alikuwa anaweka wapi hii mwiko?" mwalimu aliuliza.

"Juu ya mafiga. Kwenye moshi."

"Na wewe?"

"Kwenye kitenge. Ndani ya sanduku, chini ya kitanda. Nilitaka usipotee."

Aliufunika tena mtungi ule. Alipozungumza, sauti yake ilikuwa ya mtu anayezungumza kanisani. "Moshi ilikuwa inailinda, nyabo. Wewe umefungia mtu ndani, imeoza."

Nafikiri alitaka kusema 'kitu', akasema 'mtu'. Sikumsahihisha.

"Nifanyeje?"

"Chemsha. Saa nzima, mpaka ndani ya ufa. Halafu weka jua."

"Na mkono wake?"

"Hiyo siwezi kukuambia."

Jumapili baada ya misa nilibandika sufuria kubwa nje. Wadogo zangu wote wawili walikuja kusimama. Nilikuwa nimewaeleza. Mdogo wangu wa kiume aliushika mwiko kidogo, akanirudishia, safari hii akinitazama. Nikauzamisha. Maji yakawa ya kahawia, kisha meusi, na harufu ya mama ikatoka yote kwa pamoja, nene, ikapita juu yetu ikaelekea kwenye mashamba. Nilimwaga maji yale chini ya mgomba, mbali na mlango.

Pombe ya nne haikuharibika.

Siku ya kuganduka majirani walijaa uani, mirija ikazamishwa kwenye mtungi. Kwa desturi mpishi huonja kwanza, nikaonja. Ilikuwa pombe nzuri, safi. Jirani yangu Mkongo alivuta mrija mpaka mashavu yakaingia ndani.

"Sasa mama amekubali," alitangaza. "Na ile dawa ya mbuzi, je, ulibakisha?"

Watu walicheka, hata wazazi wa binti. Mdogo wetu wa mwisho, aliyekuwa bado mtoto mama alipoacha kupika, alionja tone moja, akanisogelea sikioni.

"Dada, ya mama ilikuwa hivi?"

Ya mama ilikuwa na moshi ndani yake, na uchungu mdogo uliobaki ulimini, ambao sikuwahi kuuliza unatoka wapi.

"Ilikuwa hivi hivi," nilimwambia.

Harusi ilifungwa baada ya mavuno. Mwiko nimeutundika juu ya mafiga, na moshi umeanza kuutia weusi upya. Ninapopika bado nasimama kidogo kabla ya kufunua mtungi, nikitega sikio nyuma ya nyumba. Sijamsikia tena.