Asenath Alipokuwa Mwezini

Asenath wa Kulesa alisoma vitabu vya uongo na hakuona haya. Vitabu vya watu wanaoruka angani ndani ya pipa la chuma, vya mashetani wenye macho matatu, vya miji iliyojengwa chini ya bahari. Alivipata kwa muuguzi mmoja wa misheni, akavisoma huku ugali ukiungua, kisha akawaandikia watu wa gazeti kule Mombasa akieleza kipi kitamu na kipi hakijaiva. Nao wakachapa. Majirani wa Garsen, alikoolewa, walisema ana maringo. Alikuwa nayo kweli, na mimi nilimpenda kwa hayo hayo.

Mumewe, Kombe fundi cherehani, alijigamba kwa wateja kwamba mkewe anajulikana mjini. Mama yake Kombe, Bi Kahaso, hakuwa na haja na umaarufu. Yeye alitaka mjukuu. Alikwisha kumwambia mwanawe waziwazi: mvua hizi zikiisha tumbo likiwa bado tupu, huyu arudi kwao.

Basi Asenath alipoona damu yake haikuja, hakungoja. Alipiga magoti jikoni akamwambia mkwewe. Kizee yule alilia kwa furaha, akachinja kuku, akamkataza hata kuteka maji.

Wiki ileile basi la Malindi likaleta gazeti. Ilikuwa siku ya mnada wa ng'ombe na duka liliposimama basi limejaa watu, Kombe akiwa mmoja wao. Karani wa duka, Katana, akasoma kwa sauti maneno ya Asenath kuhusu kitabu kipya, cha watu waliosafiri hadi kwenye mwezi wakakuta huko bustani na wafalme. Asenath alikisifu mno. Mwisho akaandika: "Wenzangu, mimi niko mwezini tangu Ijumaa, wala sina haraka ya kutoka."

Duka zima likaangua kicheko. Huku kwetu mwanamke akiwa mwezini, maana yake damu imemjia, na jambo hilo hunong'onwa, halichapwi.

"Bibi ya nani hii, nasema mambo yake kwa gaseti?" akauliza Dukicha, mchuuzi wa ng'ombe, kwa Kiswahili chake cha kuokoteza.

"Ya Kombe huyu!" watu wakamjibu.

"Kombe, wewe lala nje leo!"

Kombe naye akacheka. Hilo sijamsamehe mpaka leo.

Kahaso alisikia kabla jua halijageuka. Hakujua kusoma, akamwita Katana amsomee mstari ule ule, ule tu. Kisha akamgeukia mkaza mwanawe.

"Umenidanganya una mimba. Nikachinja kuku wangu."

"Mama, ni mwezi wa juu, ule wa kitabuni," Asenath akasema, akinyoosha kidole angani. Ilikuwa mchana, na juu hapakuwa na kitu ila jua.

"Watu wanakwenda huko?"

"Hapana, mama. Ni uongo wa kitabu."

"Haya. Umesema mwenyewe ni uongo."

Akafukuzwa siku hiyo hiyo na kisanduku chake cha nguo. Vitabu Kahaso aliviwashia moto, akachemshia maharagwe. Kombe hakuinua macho kwenye cherehani.

Mtoto alizaliwa Kulesa, wa kike, na masikio yaliyochomoza kama ya Kombe, mtu asingehitaji kuambiwa. Asenath alimbeba akamleta Garsen. Kahaso akasimama mlangoni.

"Ulipotoka hapa ulikuwa mwezini, gazeti lilisema. Huyu ulimpata wapi baadaye?"

Asenath alimtazama mumewe.

"Kombe, kitabu kile nilikusomea wewe, ukishona vifungo. Ulijua nilikuwa nasema nini."

"Nilijua," Kombe akasema. "Na mtoto ni wangu, namwona. Lakini gazeti limesomwa Garsen nzima. Nikimpokea leo, watanicheka tena."

Kisha akakanyaga cherehani, kwa sababu mteja alikuwa akingoja suruali yake.