Kijicho cha Polixeni

Wivu ni maradhi, mtu asikudanganye. Polixeni ulimpata mwaka ule Anthula aliporudi kutoka chuoni, ukamkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Polixeni alikuwa wa kiwanda cha pichi hapa Naousa tangu usichana wake. Kila kiangazi alisimama kwenye mkanda wa mashine unaopitisha matunda, kofia ya nailoni kichwani, akiondoa pichi mbovu na kuacha nzima ziende zikamenywe na kutiwa makoponi. Mikono yake ilikuwa myepesi, na ulimi wake vilevile. Ila kilichompa heshima mjini ni kingine: alijua kuondoa jicho la husuda. Ukimwendea na kichwa kinagonga, alikushika paji la uso, akanong'ona sala aliyofundishwa kwa siri na baba mkwe wake, akapiga miayo mpaka machozi yamtoke. Kadiri miayo ilivyozidi, ndivyo jicho lilivyokuwa zito. Kisha unapona, unakwenda zako.

Anthula alikuwa kumbara wake, yaani jamaa wa ubatizo, maana ndiye aliyemsimamia binti wa Polixeni alipobatizwa. Walianza kazi pamoja, mkanda mmoja, bega kwa bega. Lakini majira ya baridi, kiwanda kikiwa kimefungwa, Polixeni alifuma soksi, na Anthula akaenda chuo cha jioni kule Thesaloniki kusomea uongozi. Kiangazi akarudi msimamizi wa zamu.

Na masomo yale, tukubali tusikubali, yalifaa. Nyapara wa zamani alikuwa akibweka tu. Anthula alipita kila asubuhi akiuliza, "Jamani, nini kinawakwamisha?" na alichoambiwa alikishughulikia. Waliolalamika miguu wakaletewa mikeka ya mpira ya kusimamia. Tena kila Ijumaa, kabla ya kengele ya kutoka, alilitumia somo alilolipenda kuliko yote: mfanyakazi mmoja asifiwe mbele ya wenzake.

Sasa, kwetu sisi sifa haimwagwi hovyo. Ukimsifu mtu, unamtemea kidogo, ftu ftu ftu, ili jicho lisimpate. Kiwandani kutema ni marufuku, na hilo chuoni hawakulifikiria. Basi Anthula akasifu hivyo hivyo, sifa kavu.

Wa kwanza alikuwa Kiriakula. "Mmeona alivyowapokea wafanyakazi wageni wiki hii? Mpigieni makofi!" Polixeni alipiga makofi na wenzake huku moyo ukimchoma. Kwa lipi hasa? Wageni aliwafundisha nani, kama si yeye?

Jumamosi, Kiriakula huyo mlangoni, kichwa kimefungwa kitambaa. "Dada Polixeni, nakufa mie!"

"Keti, mwanangu. Umeonwa na nani?"

"Na zamu nzima!"

Akamwondolea. Ijumaa iliyofuata alisifiwa Evanthia, na Jumamosi Evanthia akaja anashika ukuta. Ikawa ndiyo desturi, sifa leo, kichwa kesho. Wanawake wakaanza kunong'onezana kwamba mkandani kuna mtu mwenye jicho, na shutuma zikamwangukia Marigo, maskini wa Mungu, kwa kuwa macho yake ni ya buluu, na kwetu macho ya buluu ndiyo husemwa yana jicho. Wakawa hawaketi naye kantini.

Polixeni alijua jicho ni la nani. Alijua alivyowatazama wale waliosifiwa, na alivyofika kila Ijumaa na aproni iliyopigwa pasi akingoja jina lake, jina lisije. Akanyamaza. Marigo akala peke yake.

Mwishoni mwa Agosti mkurugenzi mwenyewe alishuka mkandani, akasema hajawahi kuona zamu iliyoongozwa vizuri kama ya Anthula. Makofi yalikuwa hayajaisha Anthula akashika kichwa, akajikokota hadi kantini na kulala kwenye benchi. Wakamwita Polixeni. Akasali mara moja, akasali tena. Mwayo hata mmoja haukumjia.

"Hapo sala haifai," akasema Evanthia. "Aliyempiga jicho ndiye amtemee."

Wote wakamgeukia Marigo.

"Mimi? Haki ya Mungu sijamtazama kwa ubaya!"

"Tema, mwanamke, acha maneno!"

Marigo akatema, huku analia. Anthula akazidi kugumia.

"Huyu hataki kumponya," mmoja akasema. "Atolewe kwenye zamu. Ama yeye, ama sisi."

Polixeni akamtazama Marigo, akamtazama kumbara wake. Akainama. Ftu, ftu, ftu. Anthula akashusha pumzi, akafumbua macho.

"Ni wewe, kumbara?"

"Ni mimi. Na hao wengine wote, ni mimi."

"Nimekukosea nini?"

"Umemsifu kila mtu, hata yule aliyeangusha makopo! Mimi hujanitaja."

"Lo! Wewe ni wangu. Ningekusifu, wasingesema napendelea jamaa zangu? Tena niliogopa wasije wakakupa jicho!"

Polixeni akainuka. Alimwendea Marigo akamwomba radhi, na Marigo akamwambia amwache kwanza ale.

Anthula alikuwa mwanafunzi mzuri. Chuoni walimwambia kiongozi hurekebisha kosa lake hadharani, naye akarekebisha. Ijumaa ya wiki ile alisimama akamtaja Polixeni kwa jina lake na la ukoo wake, akasifu mikono yake, na subira yake kwa wageni, na ujasiri wake wa kusema kweli. Makofi yakapigwa, machache, kisha kila mmoja akaanza kuvua kofia yake ya kazi aende zake.

Polixeni akaenda nyumbani, akakaa barazani. Akangoja kichwa kimuume. Jua likatua, hakikuuma. Akalala, akaamka Jumamosi, akajishika paji la uso, akabonyeza huku, akabonyeza kule.

Kichwa kilikuwa kizima. Zamu nzima ile, hakuna hata mmoja aliyemwonea kijicho.