Moshi wa Saa Tatu Asubuhi

Nakumbuka siku moja, Jumanne, saa kumi na robo alasiri, niliponyoosha kidole juu ya picha na mtu akafukuzwa kijijini. Mwanangu, wewe hujazaliwa bado, nami niko kidato cha tatu tu. Lakini nakuandikia humu daftarini mapema, maana najijua: ana kwa ana nitaona haya kukusimulia.

Mwezi mmoja kabla yake mikorosho ya hapa Zinga iliungua, na aliyewasha moto hakujulikana. Mwalimu wetu wa jiografia akapata picha ya siku ile, iliyopigwa na setilaiti, akaniazima niichoree ramani. Moshi ulionekana kama mstari wa chaki: ncha moja kwenye pori la magharibi, ncha ya pili huku pwani, kwenye tanuri la mkaa la Mzee Pazi.

Mjomba alipoiona akamwita balozi wa nyumba kumi.

"Haya, msomi wetu, moshi umeanzia wapi?" balozi akaniuliza.

Mimi ambaye hata hodi napiga kwa kunong'ona, leo watu wazima wamenyamaza wanisikilize! Nikawaza: upepo huu unaovuma sasa unatoka baharini, basi moshi umetoka pwani. Nikagusa tanuri.

"Si nilisema?" Mjomba akajipiga paja. "Panapofuka moshi hapakosi moto!"

Adhana ya magharibi haijaadhiniwa, Mzee Pazi ameshaambiwa kukicha asionekane.

Bibi aliporudi kutoka kuanika dagaa, akaishika ile picha, akaitazama kwa utulivu wake.

"Imepigwa saa ngapi, mke mwenzangu?"

Nikaigeuza. Nyuma mwalimu alikuwa ameandika kwa penseli: saa tatu asubuhi.

"Saa tatu upepo wa umande bado unavuma, unatoka bara kwenda baharini. Mtoto wa pwani wewe, hujui umande? Moshi ulimfikia Pazi, haukutoka kwake. Umekwenda kuuliza mbinguni, ukauacha upepo wa mlangoni pako."

Nikalia.

"Chozi halizimi moto. Nenda kwa balozi."

Sikwenda, mwanangu. Niliona haya. Nikasema moyoni, kesho.

Kulipokucha nilikwenda, nikasema yote. Balozi akaongozana nami hadi kwa Mzee Pazi. Mlango wazi, tanuri limepoa, kitanda hakimo. Jirani akasema ameonekana njia ya Makurunge.

Basi shika hili: ulimi hauna mfupa, lakini huvunja. Usihukumu kwa jambo uliloliona nusu. Na ukikosea mbele za watu, kiri mbele za watu siku hiyohiyo, hata haya zikikuua. Mungu akupe ulimi mzito wa kushtaki na mwepesi wa kuomba radhi, amina.

Asubuhi ile shule sikwenda. Nilivua viatu, nikashika njia ya Makurunge kwa miguu, nikimuuliza kila niliyekutana naye kama amemwona mzee aliyejitwika kitanda.