Keki Isiyofunikwa Pazia

Ottokar Nägele aliwapimia watu wa Hallingen viwanja kwa miaka thelathini na minane, na tangu astaafu hajapata raha kama ya kusimamia mtandao wa kijamii wa mji. Si ile mitandao ya matajiri. Huu ni wa chama, wenye kadi za uanachama, mweka hazina na kumbukumbu za vikao, na una watu mia mbili na kumi na wawili. Miji mingine nayo ina mitandao ya namna hiyo, wenyewe huiita nyumba, kila moja na sheria zake na msimamizi wake, ila nyumba zenyewe zimefunguliana milango: aliye Hallingen anasoma anayoandika aliye mji wa Kiel kama ya jirani wa ukuta mmoja.

Sheria za Hallingen aliziandika Ottokar, na aliyoipenda kuliko zote ni ile ya chakula. Picha ya chakula ifunikwe pazia lenye onyo, anayetaka kuona afunue mwenyewe. Usije ukamtamanisha aliyekatazwa sukari, au ukamchefua asiyekula nyama.

Jumanne moja, saa ya kahawa, mtu wa Kiel akaweka samaki wa kukaanga, mtupu, macho yamemtoka. Ottokar akamwandikia msimamizi wa Kiel barua ya kurasa mbili. Jibu likaja: "Mzee Nägele, samaki mwenyewe hajaona haya, wewe unamwonea haya ya nini? Hebu nenda kale."

Akawa mwekundu hadi masikioni. Kifungu cha tano kinamruhusu msimamizi kukata uhusiano na nyumba korofi. Akabonyeza. Kiel nzima, watu elfu tatu, wakafungiwa nje kwa ajili ya samaki mmoja.

"Nimewakomesha," akamwambia mkewe.

Irmtraud alikuwa anakata mkate. Kisu kikasimama. "Kiel? Si ndiko aliko Wiebke?"

Rangi ikamtoka mzee wa watu. Wiebke ni binti yao wa pekee. Alimnunia baba yake tangu siku ya harusi yake, pale Ottokar aliposimama, wageni wameshika glasi wakingoja nasaha za mzazi, naye akawasomea kanuni za ukumbi kuhusu kelele baada ya saa nne. Miaka miwili hakupokea simu. Ni mwaka huu tu, baridi ilipokatika, ndipo alipomruhusu baba amfuate mtandaoni, asome yale anayowaandikia wachache: mtoto ameota jino, mtoto amesimama. Ottokar alizichapa habari hizo moja moja na kuzitia kwenye faili.

"Nafungua sasa hivi."

"Fungua basi, tuone."

Ah, wapi! Kufunga ni kazi ya msimamizi peke yake. Kufungua ni kura ya kamati, Alhamisi ya kwanza ya mwezi. Nani alitunga hivyo? Yeye.

Siku tisa alizunguka nyumbani kama kuku anayetafuta pa kutagia. Alhamisi kamati ikapiga kura, sita za kufungua, na yeye hakupiga kwa kuwa jambo linamgusa. Mlango ukafunguka, lakini Wiebke hakuwemo tena kwenye orodha yake. Ukiikata nyumba, nyuzi zote hukatika, wala hazijiungi zenyewe. Sharti uombe upya. Akaomba. Akaeleza kisa chote, pamoja na nambari za vifungu.

Wiebke akajibu faraghani. "Yaani baba, umenifuta kwa ajili ya samaki?"

"Sikukufuta wewe. Nilifuta nyumba."

"Na mimi nakaa wapi, juu ya paa? Kesho mjukuu wako Fiete anatimiza mwaka. Nitaweka keki yake hadharani, bila pazia. Ukiwasambazia watu wako kama ilivyo, nakufungulia. Ukiifunika, kaa na sheria zako."

Kesho yake keki ikaja: ya plamu, mshumaa mmoja, krimu imemwagika, na pembeni shimo la kidole kidogo. Ottokar akaitazama mpaka kahawa yake ikapoa.

"Hata maelezo ya picha kwa wasioona hajaweka," akalalama.

"Ottokar!"

Akabonyeza.

Mashtaka matatu yakaingia kabla ya chakula cha mchana, yote kwa msimamizi. Akavaa miwani, akayasoma neno kwa neno, akamwandikia Ottokar Nägele onyo kali, na kumpa siku kumi na nne za kukata rufaa. Keki hakuigusa.

Saa nane Wiebke akamfungulia. Ottokar akaichapa keki kwa rangi, akaitia kwenye faili, juu ya lile onyo.

"Utakata rufaa?" Irmtraud akamuuliza.

"Sithubutu. Yule msimamizi ni mgumu."