Dari Yangu Isiyoshika Moto

Niseme mwenyewe kabla hamjasimuliwa na watu wa Korogwe: mimi ni mjuaji, na ujuaji wangu ni wa bure kabisa.

Karakana yetu hutengeneza mbao za dari kwa nyuzi za mkonge na resini, ile gundi ya viwandani inayokauka ikawa ngumu. Ubaya wake hushika moto upesi. Nikajitwika kazi ya kuchanganya ndani yake unga wa kuzuia moto. Unga nilikadiria kwa macho, maana mtaalamu kama mimi mizani ya nini? Resini ilipokauka nikakata kipande, nikakiosha vumbi kwenye ndoo, nikakiwashia kiberiti. Hakikuwaka.

Mwenzangu Zuhura akauliza, “Si kimelowa hicho?”

“Una wivu tu,” nikamjibu.

Juzi akaja Mama Mhina, mkuu wa shule ya bweni kule Handeni, pamoja na walimu wake.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba. Nasikia dari yako haiungui.”

“Hata uichome kutwa nzima, mama.”

Nikachukua ubao mkavu, nikauwasha kwa madaha. Moto ukapanda, moshi mweusi ukatufunika. Nikapuliza kama anayepuliza uji, ukazidi. Zuhura ndiye aliyeuzima kwa mchanga.

Mama Mhina alifuta machozi ya moshi, akanitazama.

“Kwa hiyo mwanangu, ulitaka mabinti zangu walale chini ya hii?”

Nilifungua mdomo nijibu kitaalamu. Kikatoka kikohozi.